Nyumba Huuzwa Ramadhani

Siku ya Idd Mosi pilau ya Saleha ilikuwa haina chumvi.

Si kwamba ilikuwa chache. Haikuwamo kabisa, na Saleha hakuwa mwanamke wa kusahau chumvi. Alitoka kwao Pangani na vitu viwili vya kujivunia, mkono wa kupika na ulimi wa kumwambia mumewe ukweli. Alionja, akaongeza, akakoroga, akaonja tena. Mwishowe akamwita mumewe jikoni.

"Miraji, hebu onja hapa. Ulimi wangu umeharibika?"

Miraji akaonja. Nyama ilikuwepo, bizari ilikuwepo, iliki na mdalasini wote walikuwa kazini. Chumvi peke yake ndiyo iliyoomba ruhusa.

"Mimba hiyo," alisema.

"Kwani nawe unayo?"

Miraji alikuwa karani, na karani hakosi pa kutupia lawama. "Basi ni hii chumvi ya dukani. Tangu serikali iseme itakagua mizani za sokoni, wenye maduka wameingia woga, sasa hata chumvi imeingia woga."

Saleha alicheka, akafungasha sahani za majirani. Alasiri sahani zikarudi tupu, pamoja na salamu. Pilau imekolea, walisema majirani. Hasa chumvi, imekaa pale pale inapotakiwa.

Saleha alizishika zile sahani kitambo kirefu, kisha akaziosha.

Nyumba yenyewe ilikuwa Ngamiani, barabara ya kumi na moja, na ilikuwa yao tangu kumi la mwisho la Ramadhani. Kabla ya hapo walikuwa na chumba kimoja cha kupanga kule Chumbageni, ambako Saleha aliharibu mimba mara mbili, na mara zote mbili wapangaji wenzake walisikia kila kitu kupitia ukuta wa mabanzi. Mimba hii ya tatu ilipoingia, alimwambia mumewe neno moja tu: "Huyu nataka nimzalie kwangu." Miraji akaanza kutafuta nyumba.

Kwa bahati, nyumba ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa karani katika ofisi ya vibali vya majengo, na kwa miaka mingi alikuwa amegonga mihuri kwenye ramani za nyumba za watu hata mkono wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Alikuwa msomaji pia. Gazeti alilisoma mpaka matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Katika kusoma na kugonga huko alijipatia elimu yake mwenyewe juu ya majira ya kununua nyumba.

"Watu wa Tanga hununua nyumba kiangazi," alipenda kuwaeleza wenzake ofisini. "Jua linawaka, kuta zimekauka, chokaa inang'aa. Ni sawa na kuchagua mchumba kwenye harusi ya dada yake. Siku hiyo nani hakupendeza? Nyumba inunuliwe masika, yakhe. Masika ndiyo mahakama ya nyumba. Kama paa lina dhambi, litaungama."

Mwaka ule wa hamsini na sita, masika na Ramadhani zilikutana. Mvua ilinyesha kama iliyotumwa, watu walishinda na njaa majumbani, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kukanyaga tope kwenda kuangalia choo cha mtu. Bei za nyumba zililala. Ndipo mjane mmoja, Bi Mwanamkasi, mtu mzima mwenye adabu na sauti ndogo, alipomfuata Miraji ofisini akamwambia anauza nyumba, na anataka shughuli yote iishe kabla ya Idd.

Miraji alishangaa. Muuzaji mwenye akili hauzi nyumba mvua zikinyesha. Akajisemea kwamba bibi huyu ana shida, na shida ya mwenzio ndiyo punguzo lako, Mungu atusamehe.

"Bibi, nyumba sisi hatuinunui mpaka tuilalie," alimwambia.

"Njooni mlale, baba. Laleni kumi zima."

Wakalala. Usiku ule mvua ilipiga bati mpaka wakawa wanazungumza kwa ishara. Halikudondoka hata tone moja. Kukapambazuka, Miraji akapanda ngazi akapapasa boriti, zilikuwa kavu kama majalada ya kitabu. Alikagua msingi, akakagua shimo la choo, akachungulia kisima cha uani. Hakuona ufa wala mchwa, na usiku kucha hakusikia mlio mwingine ila mvua. Saleha alisema tu, "Nyumba imetulia sana hii." Mumewe akamwuliza kama hiyo ni sifa au kasoro.

Kwenye ofisi ya ardhi bwana mkubwa wa Kizungu aliuliza maswali yake matatu ya desturi kupitia kwa mkalimani. Kiwanja kina ukubwa gani? Mipaka ni ipi? Je, kuna mtu mwingine yeyote anayedai haki katika nyumba hii?

"Katika mwezi huu," alijibu Bi Mwanamkasi, "hakuna."

Mkalimani alikuwa amefunga na koo lilimkauka. Akapeleka neno la mwisho tu, maana ndilo lililotakiwa. Muhuri ukagongwa.

Baada ya ile pilau, chumvi haikurudi. Saleha alibadili duka, akabadili kopo, akaagiza chumvi ya mawe kutoka kwao. Chakula kikitoka nje ya mlango kilikuwa na ladha, kikiwa ndani kilikuwa kama nta. Kisha zikaja adhuhuri.

Usiku nyumba ililala kama nyumba nyingine. Ni mchana, jua likifika utosini na kivuli cha mtu kikiingia chini ya nyayo zake, ndipo ufagio ulipoanza uani. Miraji aliusikia mara ya kwanza aliporudi kula. Ulikuwa ufagio wa chelewa, unafagia kwa utaratibu, shwaa, halafu shwaa, kama wa mwanamke aliyelelewa vizuri. Alipita ukumbini akidhani ni mkewe. Saleha alikuwa chumbani, ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na mkono ulikuwa umesimama katikati ya kifuu.

"Nani anafagia?" Miraji alinong'ona, na hakujua kwa nini ananong'ona nyumbani kwake.

"Usende."

Alikwenda. Ua ulikuwa umefagiliwa, mistari ya chelewa imelala mchangani sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na katika mchanga ule laini haukuwemo unyayo hata mmoja wa mfagiaji. Ilikuwepo harufu. Juu yake ilikuwa ya udi, lakini udi uliorowa maji. Chini yake ilikuwa harufu ya kisima kilichofunikwa miaka. Miraji alirudi mezani akala wali wake wa nta, akarudi ofisini, na mchana kutwa aligonga muhuri pasipotakiwa.

Mfunguo Mosi ukaisha, ukaingia Mfunguo Pili, mwezi wa pili tangu Ramadhani itoke. Kilichomtisha zaidi ni kwamba Saleha aliacha kulalamika. Siku moja alimkuta anakula mhogo wa kuchemsha, mkavu, mweupe, anatafuna polepole kama mtu anayekula halua.

"Hauna chumvi huo," alisema Miraji.

"Chumvi ya nini?" alijibu Saleha, na akamtazama kana kwamba ameuliza jambo la kitoto.

Siku nyingine alikuta sahani tatu zimeandaliwa. Hakuuliza ya tatu ni ya nani. Saleha aliisogeza kando kidogo, akasema kwa sauti ya chini, si kwa mumewe, "Subiri. Hajanawa."

Kisha ikaja adhuhuri ya Ijumaa. Miraji alitoka msikitini akapita moja kwa moja nyumbani, na ufagio haukusikika, na kwa kuwa haukusikika alijua kwamba mfagiaji ameingia ndani, akapita ukumbini akiwa ameshika viatu mkononi kama mwizi, akasukuma mlango wa chumba, na akamkuta mkewe amelala chali juu ya kitanda, amejifunua tumbo kwa joto, usingizi mzito, nywele zimemganda kwenye paji la uso, na ile harufu ya udi uliorowa ilikuwa nzito chumbani hata akaionja kooni, na hapo, juu ya ngozi ya tumbo lile lililoanza kuvimba, akaona kishimo kidogo kinaingia, kinatoka, kinaingia tena pembeni, halafu vishimo viwili kwa pamoja, vinne, polepole, kwa subira, kama vidole vya mnunuzi vinavyobonyeza papai sokoni kuona limebakiza siku ngapi kuiva. Na vidole vyenyewe havikuwepo, wala mkono, wala mwenye mkono.

Viatu vikamtoka. Vishimo vikakoma. Saleha akafumbua macho, akamtazama mumewe bila mshangao.

"Anauliza lini," alisema kwa kunong'ona.

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

Asubuhi yake Miraji alipanda gari moshi kwenda Muheza, ambako Bi Mwanamkasi alikuwa amehamia kwa mpwa wake. Alimkuta upenuni, tenga la machungwa mbele yake, anachagua mazima na yaliyopondeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nilikutazamia mapema kuliko hivi. Wewe mvumilivu."

"Bibi, umeniuzia nini?"

"Nyumba. Inavuja?"

"Haivuji."

"Basi."

Miraji alisimama tu. Alikuwa ametunga hotuba nzima njiani, yenye maneno ya kisheria, na yote yalimpotea. Bi Mwanamkasi alimtazama, akamsogezea kigoda.

"Keti, mwanangu. Wewe ulitaka masika ili paa liseme. Mie nilitaka Ramadhani ili yule asiseme. Kila mtu na majira yake, yakaangukia mwezi mmoja. Mwezi mtukufu wale hufungwa, hilo hukulijua? Hata waganga hufunga mikoba yao tangu watu wanapovunja jungu. Hafagii, hali chumvi ya mtu, hayupo. Halafu mwezi unaandama, anafunguliwa, anaamka, anakuta watu wengine wamelala chumbani. Basi hao ndio wake. Aliyeondoka hamkumbuki."

"Na ulijua."

"Nilijua. Nami niliuziwa Ramadhani, na aliyeniuzia aliuziwa Ramadhani. Nyumba ile haijapata kuuzwa mwezi mwingine."

"Anataka nini?"

Bi Mwanamkasi alichukua chungwa akaanza kulimenya. "Wanangu wote niliwazaa mle. Umeniona na mtoto?"

Mpwa mtu aliita kitu kutoka ndani.

"Hatazaa mle," alisema Miraji. "Tunahama leo hii. Tunarudi kupanga."

"Hameni. Mimba ya kwanza nilihamia Mkwaja kwa mama yangu. Nilipofika, uani kulishafagiwa." Akaendelea kumenya. "Hawaachi watu wake mpaka nyumba iwe ya mwingine. Na Ramadhani ndiyo kwanza imetoka. Mkeo anazaa lini?"

"Vuli."

Bibi alimaliza kumenya lile chungwa, akaliweka chini, hakulila.

"Iko njia nje ya Ramadhani, ila ngumu," alisema. "Kumuuzia mtu yule akiwa macho. Hapo, hakubali mpaka aulize. Atauliza nyumba inakwenda kwa nani, mwana wa nani. Jina la mama, si la baba. Kwao baba ni uvumi tu. Ukimtajia jina, akaridhika, hapo hapo anakuacha wewe. Mtafute Fundi Msafiri, yuko Mkwaja, ndiye anayejua kumwita akaja kwa adabu."

"Na huyo niliyemtaja?"

"Huyo atapanda gari moshi akutafute wewe, akuulize umemuuzia nini."

Mtu wa Ngamiani asingeinunua. Walikuja wawili watatu. Mmoja alifika ukumbini saa sita unusu, akasimama, akanusa, akakumbuka kwamba ana maziko. Baada ya huyo hakuja mwingine, maana katika Tanga habari ya nyumba mbaya haihitaji posta.

Lakini Miraji alikuwa amefanya kazi serikalini muda mrefu, na alijua jambo ambalo hata Bi Mwanamkasi hakulijua. Kulikuwa na majira mengine ya kununua nyumba, yasiyofuata jua, mvua wala mwezi. Yalikuwa mwisho wa Juni. Mwaka wa fedha wa serikali huisha siku hiyo, na fungu lisilotumika hurudi Hazina, na hakuna kitu kinachoiumiza ofisi kama fungu kurudi. Ni aibu, kama kurudisha posa. Ofisi mpya ya kukagua mizani ilikuwa na fungu la nyumba ya karani wake. Mwezi wa Juni ulikuwa ukingoni. Ofisi ile ingenunua hata kaburi, mradi lina hati.

Akaja karani mwenyewe kukagua, akiwa na futi ya chuma na kofia ya kaki. Jina lake Fanueli, kijana wa milimani, kutoka Soni, mwenye uso wa mtu ambaye bado hajadanganywa na yeyote. Alifika saa sita mchana, kwa kuwa ndiyo saa aliyopangiwa.

"Ukumbi futi ishirini na moja," alisema akipima. "Loo, Bwana Miraji, ukumbi huu! Kwetu ungetoshea mbuzi wote wa kijiji."

Uani ufagio ukaanza. Shwaa. Shwaa.

Fanueli aliinua kichwa, akasikiliza, akatabasamu.

"Una mtumishi hodari. Anafagia na jua hili?"

"Hana mazoea ya kupumzika," alisema Miraji.

"Mama yangu yuko hivyo hivyo. Dorkasi jina lake. Alinilea peke yake, kwa viazi vya kuuza sokoni Soni, kamba ya mzigo imemchimba paji la uso mpaka leo. Nikimwandikia kwamba serikali imenipa nyumba yenye ukumbi, hataamini. Nitamleta apumzike."

Laiti angeweza kuziba masikio, Miraji angeyaziba. Jina lile lilikuwa limemdondokea mapajani bila kuombwa. Fanueli mwana wa Dorkasi. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Hati zilipita kwa kasi ambayo haijaonekana katika ofisi yoyote ya Tanga. Bwana wa ardhi aliuliza maswali yake matatu, na kwa la tatu Miraji alijibu kwa uangalifu kwamba katika daftari zote za serikali hakuna mwingine anayedai haki. Ilikuwa kweli tupu. Siku ya kutoa ufunguo ikapangwa. Alasiri ya kuamkia siku hiyo Fundi Msafiri akaingia na chetezo chake.

Alikuwa mtu mfupi mwenye haraka, anayetazama kama anayetaka kuwahi basi la Pangani. Alimketisha Saleha juu ya mkeka ukumbini, akamfunika shuka jeupe, akatia ubani na udi. Moshi ulipanda wima, kisha ukapinda, wote kwa pamoja, kuelekea uani, kana kwamba kule nyuma mtu amevuta pumzi.

"Salamu aleka, mwenyeji," alisema Fundi kwa upole. "Tumekuja kuaga. Nyumba inatoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tunakwambia, hatukufichi."

Chini ya shuka Saleha alitetemeka, kisha akatulia. Sauti iliyotoka haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililomsimamisha Miraji nywele. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, mwenye adabu, inayozungumza kama jirani aliyepita kuomba moto.

"Inakwenda kwa nani?"

Fundi alimgeukia Miraji. "Taja, bwana. Jina, na jina la mama."

Jina lilikuwa pale ulimini. Miraji alilihisi kabisa, na uzito wake, na wepesi wa kulitema. Alimtazama mkewe chini ya lile shuka, akaona mkono wake mmoja umelala juu ya tumbo. Akafumba macho ili aone tumbo lile peke yake, akajikuta anaona mwanamke asiyemjua anashuka mlima na mzigo wa viazi, kamba pajini. Akajisemea, serikali ni kubwa. Imebeba makubwa kuliko jini. Nani atajua tofauti?

"Serikali," alisema.

Moshi ukatulia.

"Serikali mwana wa nani?"

Fundi Msafiri alimkodolea macho. Miraji alijibu, "Serikali haina mama."

"Na baba?"

"Haina. Haikuzaliwa, wala haifi."

"Inalala humu?"

"Inalala kila mahali."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli, na mlio ule ulikuja kama unatoka nchi nyingine.

"Haya," sauti ile ilisema. "Nimesikia."

Saleha akaanguka ubavu, akaanza kulia, kilio chake mwenyewe. Fundi akakusanya vitu vyake.

"Amekubali?" Miraji alinong'ona.

"Amesema amesikia."

"Ndiyo kukubali huko?"

"Mie kazi yangu kumwuliza, bwana. Kwani huko ofisini kwenu, mtu akiambiwa ombi lake limesikiwa, huwa ameshapata?"

Jibu Miraji alilijua kuliko mtu yeyote Tanga.

Walihamia tena Chumbageni, chumba kile kile, ukuta ule ule wa mabanzi. Usiku wa kwanza Saleha alipika dagaa na ugali, akaonja, akaweka upawa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Chumvi ilikuwemo. Ilizidi hata. Walikula wakanywa maji mtungi mzima.

Miezi ikapita, na mchana haukuwa na sauti yoyote ila ya wapangaji wakigombania kamba ya kuanikia. Miraji alirudi kuvujiwa, na kila tone lililomdondokea kichwani alilipokea kwa shukrani. Vuli ilipoanza Saleha akajifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti ya mnadi. Wakamwita Mboni. Akalia siku ya kwanza, akalia ya saba alipochinjiwa, akalia mpaka arobaini ikatoka, na Miraji, ambaye mtoto alikuwa hamkubali kabisa, kila akimpakata anapiga kelele kama aliyechomwa, alisema kwamba hakupata kusikia muziki mzuri kama huo.

Siku chache baada ya arobaini alikutana na Fanueli sokoni, amezungukwa na wachuuzi, ameinua jiwe la mizani juu kama hakimu.

"Bwana Miraji! Nilitaka sana kukuona. Nikushukuru."

"Nyumba ikoje?" aliuliza Miraji. Miezi yote hiyo alikuwa amezunguka ili asipite barabara ya kumi na moja.

"Nyumba? Pepo! Mama amefika, hataki kurudi Soni. Anasema hajapata kuona nyumba kimya kama ile. Mchana unasikia mapigo ya moyo wako."

"Mchana?"

"Kimya kabisa. Hata yule mtumishi wako hodari hatukumwona tena. Nilidhani atakuja kuomba kazi, ningempa. Mlimchukua wenyewe, sivyo? Mimi ningekuwa wewe, nami ningemchukua."

Mchuuzi mmoja alilalamika juu ya mizani yake. Fanueli akamgeukia, na alipotazama nyuma tena Miraji hakuwepo.

Alipanda baiskeli akaikanyaga kama mwendawazimu, jua liko utosini, barabara nyeupe haina kivuli hata kimoja, na kichwani mwake hesabu ilikuwa inajipanga yenyewe, kwamba asiyekuwa kule yuko mahali, kwamba aliyeambiwa nyumba imekwenda kwa asiye na mama wala mwana hakupokea mtu yeyote badala ya wale aliokuwa nao, kwamba anayebonyeza papai na kulirudisha tengani hakulikataa, amelingoja tu. Akapita kituo cha gari moshi, akapita msikiti, wanawake wakavuta kanga zao barabarani wakamtukana, na alipokata kona ya mtaa wao akasikia kilio cha Mboni, kikali, kizima, akamshukuru Mungu kwa sauti, na akiwa bado ana jina la Mungu mdomoni, kilio kikakatika.

Akaiacha baiskeli ianguke. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akabisha.

"Nani?" Sauti ya Saleha, ya chini, ya mama asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Mimi. Fungua, Saleha. Fungua mlango."

"Mimi nani?"

"Miraji! Fungua!"

Kisha akamsikia mkewe akicheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa, na akasogea karibu na mlango, akanong'ona kupitia upenyo:

"Wee nani, mwaya? Miraji yumo humu muda mrefu. Kampakata mtoto, na leo kanyamaza."